Injini Iliyotoka Imekwenda Wapi?



Wengi wenu mnalijua gari la marehemu Mzee wetu, lile Kombi la rangi ya maziwa lililokuwa likisimama mbele ya ukumbi kila Jumamosi, ambalo lilisikika kabla halijaonekana. Mmelipanda kwenda harusini, limewabebea masufuria ya pilau siku za Idi, na siku ya maziko ya Mzee mwenyewe ndilo lililobeba majamvi. Tangu lilipotoka gereji mmeniuliza mara nyingi kwa nini halipigi kelele tena. Jibu fupi ni kwamba nimelitoa injini ya dizeli na kulitia ya petroli. Jibu refu ndilo makala haya, maana kazi ile ilinizalia swali ambalo chuo kikuu hakikunifundisha kulijibu.

Gari lenyewe ni Volkswagen la mwaka 1982, lenye injini ya dizeli ya lita 1.6 na nguvu za farasi 50. Farasi 50 kwa gari lililojaa watu wanane na sufuria tatu ni kidogo mno. Kwenye mlima malori yalitupita yakitupigia honi. Mzee alikuwa akisema gari lake halina haraka kwa sababu halidaiwi na mtu. Alipofariki, mkewe alinikabidhi ufunguo akaniambia, “Mwanangu, wewe ndiwe fundi. Lisife.” Nikapokea. Kwa mtu wa makamo yangu, aliyekuja nchi hii kusomea uhandisi wa mitambo kisha akabaki, amana kama hiyo haikataliwi.

Sasa kwa nini nibadilishe injini? Msidhani ni sheria. Tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ada ya hewa chafu, lile tunaloliita ULEZ, limeenea mitaa yote ya London, na siku hiyo gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 lilianza kutozwa pauni 12.50 kila siku linapotembea. Lakini magari yaliyotimiza miaka 40 na kusajiliwa kuwa ya kihistoria yalisamehewa. Kwa hiyo jirani yangu mwenye gari la mwaka 2012 alilipa, na mkweche wetu wa mwaka 1982, unaotoa moshi kuliko magari yote ya mtaani, ulipita bure. Sheria ilikuwa imetuachia kabisa.

Ambaye hakutuachia ni mtoto. Mpwa wangu ana binti wa miaka minane mwenye pumu, anayekuja darasa la Kiswahili kila Jumamosi. Mchana darasa linapotoka, mimi huwa nimeliwasha Kombi niwapeleke watoto wa mbali. Wanaojua dizeli za zamani wanajua kuziwasha kwenye baridi: unangoja hita plagi zipashe moto, injini inakohoa, linatoka wingu jeupe, kisha jeusi, na harufu inakaa kwenye nguo mpaka jioni. Yule mtoto alikuwa akisimama mbali, mtandio umeziba pua, akingoja wingu lipite ndipo apande. Mama yake hakusema neno. Kwetu gari la marehemu halisemwi. Siku moja wingu halikupita upesi, nikamwona kwenye kioo anatafuta dawa yake ya kuvuta mfukoni, mikono inatetemeka. Nilizima injini. Siku ile kila mtoto alirudi kwao kwa basi.

Mambo haya si ya kubuni. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwezi Juni 2012 liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyojulikana kuwa husababisha saratani kwa binadamu. Na hapa hapa kusini mwa London, Lewisham, Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki kwa pumu mwezi Februari 2013 akiwa na miaka tisa. Walikuwa wakiishi karibu na barabara ya South Circular. Mwezi Desemba 2020 mchunguzi wa vifo aliamua kwamba hewa chafu ilichangia kifo chake. Barabara hiyo nimeipita na Kombi hili mara zisizo na idadi.

Basi nikaamua. Niwaeleze kidogo ufundi wake, maana ndani yake mna jambo. Katika injini ya petroli, hewa na mafuta huchanganywa, hubanwa mara kumi hivi, kisha plagi hutoa cheche na mchanganyiko unawaka. Katika dizeli hakuna cheche. Hewa peke yake hubanwa, kwa injini hii mara 23 hivi, mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuyawasha mafuta yanapopulizwa ndani. Hapo ndipo unapotoka ubahili wake wa mafuta unaosifiwa, na ndipo yanapotoka masizi, kwa sababu mafuta huingia mwisho kabisa na mengine hayapati nafasi ya kukutana na hewa ya kutosha. Siwadanganyi kwamba petroli ni malaika. Kombi sasa linakula mafuta mengi zaidi ya zamani, na kila lita inayoungua inapeleka kaboni dioksidi angani. Lakini masizi yale yanayokaa kwenye pafu la mtoto anayesimama nyuma ya gari yamepungua sana, na mimi nilikuwa naangalia pafu hilo.

Kilichonifurahisha ni kwamba injini hizi mbili ni ndugu. Volkswagen walipotoa dizeli yao ndogo ndani ya Golf mwaka 1976, hawakuanza upya. Waliijenga juu ya umbo la injini yao ya petroli. Kwa hiyo nilipopata injini ya lita mbili kutoka Golf la mwaka 1993 lililogongwa nyuma, yenye farasi 115, ilikaa kwenye giaboksi ya Kombi kama imerudi kwao. Hata matundu yanalingana. Pale petroli ilipo na distribyuta, dizeli imepachikwa pampu ya kufyonza hewa ya kusaidia breki, kwa kuwa yenyewe haina mfyonzo wa kutosha. Nililibakiza bakuli la oili la zamani, kwa sababu injini kwenye Kombi hulazwa ubavu, na bakuli la Golf lingemwaga oili upande. Kazi kubwa ilikuwa waya za kompyuta ya injini, pampu ya umeme ya mafuta, bomba jipya la moshi lenye kichujio chake, na kuliosha tangi mpaka harufu ya dizeli itoke. Jumamosi na Jumapili za miezi miwili zilikwenda hapo.

Kitu cha mwisho kilikuwa kidogo sana. Mdomo wa tangi ni ule wa zamani, mpana, na bomba la dizeli kwenye kituo cha mafuta linaingia bila kizuizi. Mtu aliyezoea Kombi la Mzee angeweza kulijaza dizeli kwa nia njema kabisa, na gari likamfia barabarani. Nikachukua rangi nikaandika PETROLI TU, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Idara ya usajili nayo nikaiandikia, namba mpya ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta, kama sheria inavyotaka. Nilipokuwa naandika pale mdomoni mwa tangi niliona kwamba kitu kilichobadilishwa moyo kisiposema kimebadilishwa kitamuumiza asiye na kosa. Wakati ule nilidhani nawaza juu ya gari tu.

Siku ya kwanza nilimpeleka mjane wa marehemu mzunguko mmoja. Nilikuwa na hofu. Nilijiuliza kama hili bado ni gari la Mzee, au nimemwondolea mama yetu hata ile sauti iliyobaki. Swali hili ni la kale. Plutarch amesimulia kwamba watu wa Athens waliitunza merikebu ya Theseus kwa kubadilisha ubao mmoja mmoja unapooza, mpaka wanafalsafa wakagombana kama bado ni ile ile. Mimi nimekulia Tanga, nimeona majahazi yakipandishwa ufukweni na kubadilishwa mbao, na sikumsikia nahodha akigombana na mtu. Mama alikaa kimya mitaa mitatu. Tuliporudi alijaribu kuufunga mlango wa pembeni, ukagoma kama kawaida yake, akausukuma kwa bega mara mbili. Akacheka, akasema, “Ni lenyewe.” Mjadala ukaisha.

Lakini Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, aliliongezea swali lile kipande ambacho watu hukisahau. Aliuliza: je, mtu akiziokota zile mbao za zamani zilizotupwa, akaziunga tena zikawa merikebu? Yeye alitaka kujua ipi kati ya hizo mbili ndiyo ya kweli. Mimi, kwa kuwa ni fundi, nikajikuta nauliza jingine. Ile ya mbao zilizooza, nani atapanda? Maana injini ya Mzee ilikuwa bado gereji, imelala juu ya ubao, imefunikwa blanketi.

Alikuja bwana mmoja anayejaza makontena ya kwenda kwetu. Tunamjua wengi, ni mtu mwema, ametusafirishia hata maiti wetu kwa hisani. Aliiangalia injini akaniambia, “Injinia, hizi ndizo zenyewe, hazina kompyuta. Kwetu hii inapiga miaka 20.” Akataja pauni 150. Tukakubaliana kwa mdomo. Nilijiona nimefanya jambo jema mara mbili: London hewa imepungua uchafu, na nyumbani mtu kapata injini.

Siko peke yangu katika hesabu hiyo. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo ya mtumba milioni 14 yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na asilimia 40 hivi yalikwenda Afrika. Serikali zetu hazikulala. Kenya ilikwisha kuweka kikomo cha miaka minane kwa gari linaloingizwa, na mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki ziliteremsha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Lakini hesabu zile ni za magari mazima. Injini iliyofungwa blanketi kati ya magodoro na mafriji haihesabiwi na mtu.

Jumapili moja mpwa wangu alikuja gereji na yule binti yake kuniletea chakula. Mtoto akafunua blanketi. “Babu, hii ndiyo ilikuwa inanikohoza?”

“Ndiyo hii.”

“Inakwenda wapi?”

“Inakwenda kwetu, Tanga.”

Akafikiri kidogo. “Huko watoto hawakohoi?”

Mama yake alimwambia anyamaze, asimjibu babu. Nikasema mwacheni, nikala wali wangu, lakini sikumjibu.

Usiku nilimpigia simu mdogo wangu, ambaye ana gereji Tanga mpaka leo. Nilimweleza habari ya moshi kwa sauti ya mtu aliyesoma. Aliniacha nimalize, kisha akasema, “Kaka, nikiacha kila kinachotoa moshi nitakula nini? Sisi hapa tunapikia mkaa. Na wewe ada yako ya shule ilitoka wapi? Si mashine ya korona ya shamba la mkonge aliyofanyia kazi baba, ikizungushwa na dizeli usiku na mchana? Hukuuliza moshi wake unakwenda wapi.”

Nilinyamaza, maana ni kweli. Ni rahisi mtu aliyeshiba kumfundisha mwenziwe kufunga. Kumkatalia fundi wa Tanga injini kwa kuwa mimi ndiye ninayejua kinachomfaa, huo nao ni ubwana, hata ukivaa nguo ya huruma.

Kisha akaniuliza swali la kifundi. “Hilo la moshi tuliache. Niambie, ni nzima?”

Hapo ndipo jasho lilinitoka. Nilikuwa nimepima kompresheni kabla ya kuitoa. Injini hii ikiwa mpya hufika 34 hivi kwa kipimo cha bar. Silinda tatu zilikuwa zimeteremka hadi 28 na silinda ya tatu ilikuwa 22. Ilikuwa inakula oili, na nozeli mbili zilikuwa zinatiririsha badala ya kupuliza. Yote haya niliyajua siku niliyopeana mkono na bwana wa kontena. Yeye hakuuliza, nami sikusema.

Nilimsomea mdogo wangu vipimo. Akapiga hesabu ya pistoni, ringi na nozeli, akasema, “Leta pampu na stata kama ni nzima. Hayo mengine acha huko huko.” Kisha akaongeza, “Angalau wewe umesema. Huku huwa zinafika zimepakwa rangi ya fedha, zimetiwa oili nzito zisigonge. Sisi tunajua siku ya tatu.”

Kesho yake niliandika vipimo vyote kwenye kadi, kwa Kiswahili, nikaifunga kwenye injini kwa waya: kompresheni ya kila silinda, oili inayoliwa, nozeli mbovu, na sababu iliyofanya itolewe. Bwana wa kontena alipokuja kuichukua alisoma, akacheka, akaniambia, “Injinia, ukiandika hivi nani atanunua?” Nikamwambia bei tuliyopatana ibaki ile ile, ila kadi isitoke. Alikataa. Bila kadi angenipa pauni 150 pale pale. Na kadi, hata mia ilikuwa taabu, na mwisho akasema afadhali niiache. Hakukasirika, na mimi sikumkasirikia. Nilibaki nimesimama na kadi yangu. Kumbe pauni 150 zile hazikuwa bei ya injini. Zilikuwa bei ya kunyamaza kwangu.

Hata wakubwa wa ufundi wameingia mtego huo. Mwezi Septemba 2015 Volkswagen hao hao walikiri kwamba dizeli zao mamilioni zilitiwa programu iliyotambua gari likiwa kwenye kipimo, likajifanya safi, kisha likirudi barabarani linatoa gesi chafu kupita kiwango. Wahandisi wenye shahada kama yangu, na bora kuliko yangu, walikaa mezani wakaona ukweli unapunguza mauzo. Tofauti yao na mimi ni ukubwa wa kiwanda.

Tangu hapo nimejipa kipimo kimoja, nanyi nawapa mkitazame. Kitu ninachotaka kukituma au kukiuza, naweza kukibandika karatasi yenye kila ninachokijua juu yake, na yule wa upande wa pili bado akakitaka? Akikitaka, ni chaguo lake, na mimi si bwana wake wa kumkataza. Lakini kitu kisichoweza kuondoka mpaka ukweli ukae kimya, hicho si bidhaa wala si zawadi. Ni taka iliyotafutiwa mahali pa kutupwa, na mahali penyewe ni nyumbani kwa mtu.

Na hapa naomba niseme la kwangu. Mwaka 2009 nilimpelekea shangazi yangu friji. Nilikuwa nimenunua jipya, na lile la zamani nilijua linapoteza gesi. Nilijiambia kwao watalitia gesi, ni kitu rahisi. Shangazi alinishukuru kwa simu, akanishukuru kila Idi, na mpaka anafariki hakuwahi kuniambia kama liliwahi kugandisha hata sahani ya maji. Nilikuja kulikuta mwenyewe barazani, limewekwa unga ndani. Watu wetu hawashukuru kitu, wanashukuru kukumbukwa. Kwa hiyo shukrani zao si ushahidi kwamba tulichotuma kilikuwa kizuri.

Mwisho wa injini ya Mzee ulikuwa hivi. Niliifumua. Pampu ya dizeli, stata na altaneta nilizipima, zikawa nzima, nikazifungia kadi kila moja na kumpelekea mdogo wangu. Oili niliipeleka panapopokelewa oili chafu. Chuma kilichobaki kilikwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kikauzwa kwa kilo ili kiyeyushwe, na fedha yake haikujaza hata tangi moja la petroli. Bado maneno ya mdogo wangu juu ya mashine ya korona yananisumbua. Huenda yuko fundi mahali ambaye angeisoma ile kadi, akaipenda injini hivyo hivyo, akaitoboa silinda upya na kuifanya isage mahindi ya kijiji kizima. Sikumtafuta sana. Kama kuna kati yenu anayeona nilikosea kuipeleka ikayeyushwe, aandike toleo lijalo, nitamsoma kwa adabu.

Yule mtoto siku hizi anapanda Kombi wa kwanza na kukaa kiti cha nyuma kabisa, karibu na injini, kwa sababu anasema kuna joto.

Jumamosi ijayo tutakuwa ukumbini kama kawaida. Watoto waangaliwe wanapovuka, maana gari la Mzee halisikiki tena likija. Na atakayesaidia kulijaza mafuta, asome kwanza kilichoandikwa mdomoni mwa tangi.